Besi yangu ina sauti kali mno, niifunge nyuzi gani?

Besi_Nkuhungu

Wakuu heshima kwenu. Nawasalimu kutoka Dodoma, upepo na vumbi kama kawaida.

Naomba wajuzi wa magitaa mnisaidie. Napiga besi kwenye kwaya ya kanisa huku Nkuhungu. Gitaa ni la mtindo wa Jazz Bass, nyuzi nne, pikapu mbili (zile sumaku za kunasa sauti), ubao wa freti, vile vichuma vya kugawa noti, ni wa mepo, ule mweupe mweupe, na ndani lina betri ya volti 9 ya kuendesha vitufe vya besi na trebo. Nimelinunua kwa jamaa aliyekuwa anarudi zake Tanga. Limefungwa nyuzi za raundi, zile zenye matuta, za stenlesi, bado zinang'aa.

Tatizo ni sauti. Ni kali, ya chuma chuma, inakata masikio. Kanisa letu ni bati tupu juu, hakuna dari, kuta bado hazijapigwa plasta. Ampu ya besi hatuna, waya unatoka kwenye gitaa unaingia miksa moja kwa moja, na spika ni zile ndefu zenye honi juu. Jumapili iliyopita mwalimu wa kwaya kanivuta pembeni akaniuliza kama kwaya sasa ina magitaa mawili ya solo. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, lakini ujumbe ulifika.

Kabla sijahamia huku na wizara nilikuwa napiga besi ya kanisa fulani Dar. Nyuzi zake zilikuwa zimechoka, hakuna anayejua zilifungwa lini, ila sauti ilikuwa nene na imetulia. Hiyo ndiyo naitafuta.

Kingine, uzi wa nne nikiupiga kwa nguvu unatoa mlio kama kijiko kimeangukia sufuria. Sijui kama nao ni ukali wa nyuzi.

Tunapiga vitu viwili: tenzi za taratibu mwanzo wa ibada, halafu mapambio yanayoishia kwenye sebene ndefu, pale ambapo kina mama hawakai tena. Sasa niweke nyuzi za nikeli? Au flati, zile laini zisizo na matuta? Nimezunguka maduka ya vyombo hapa mjini nakuta raundi tu, nikitaja flati muuzaji ananiangalia kama nimeomba tairi la treni. Au gitaa lenyewe halinifai nitafute lingine?

Nawasilisha.

---

Kibaigwa_Mjini

Ngoja waje wajuzi mkuu, mimi nimekaa hapa pembeni na karanga zangu.

Ila kwa utani tu: sisi Wagogo na mlio mkali wapi na wapi tukalalamika? Ilimba yenyewe, kile kinanda chetu cha vidole, tunaitoboa matundu na kuyaziba kwa utando wa buibui ili ivume zaidi.

---

SlapuTu

Mkuu usiharibu gitaa zuri. Watu tunatafuta sauti hiyo kwa tochi wewe unataka kuizika! Stenlesi raundi ndiyo habari ya mjini, kila noti inasikika, ukipiga kwa dole gumba linaitika. Tatizo ni fundi mitambo wenu. Mwambie apunguze trebo kwenye chaneli yako, mchezo umeisha.

---

Soprano_wa_Pili

Samahani kaka zangu, sijui lolote kuhusu stenlesi. Mimi ni muimbaji tu, tena nasimama jirani kabisa na mpiga besi wetu. Kinachotusumbua wala siyo besi yenyewe. Ni ule mkwaruzo wa vidole, fwiii, fwiii, kila anapohama juu ya shingo. Kwenye tenzi za polepole, mahali tunapotakiwa kuvuta pumzi pamoja, ndipo fwiii inapoingia. Kama kuna nyuzi zinaondoa hiyo kitu, mnunulieni na wa kwetu. Tutachanga.

---

Mzee_wa_Makole

Kijana wa Nkuhungu, nimekusoma mpaka mwisho. Gitaa usiuze. Na nyuzi usiagize leo, kuna mambo ya bure ya kumaliza kwanza.

Nianze na hicho kijiko. Huo si ukali wa nyuzi, huo ni uzi unagonga freti. Nakaa na magitaa ya watu hapa barazani kwangu mwaka mzima, na kila mvua zikishakatika, kuanzia Juni hivi, yanaanza kuja yenye ugonjwa huo. Hewa ya Dodoma inakauka, mbao inapoteza maji, na shingo mara nyingi inanyooka kupita kiasi, nyingine zinabinuka kabisa kwa nyuma. Gitaa lililozoea hewa ya pwani ndilo linaloumia zaidi.

Pima hivi. Tyuni kwanza, E A D G, usipime gitaa lililolegea. Bana uzi wa nne kwenye freti ya kwanza kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia ubane uzi huohuo pale shingo inapoungana na bodi. Sasa uzi umenyooka, chungulia freti ya saba na ya nane. Kati ya uzi na freti kuwe na mwanya wa kama milimita 0.3, yaani kadi ya biashara ipite kwa kugusa gusa. Ukikuta uzi umelala juu ya freti, shingo imenyooka mno. Chukua ufunguo wa pembe sita unaoingia kwenye ile fimbo ya chuma ndani ya shingo, legeza robo mzunguko, kinyume cha saa. Robo tu! Tyuni tena, liache lilale, kesho yake pima. Likigoma kuzunguka usilazimishe, nimeshaona fimbo zilizokatwa na watu wenye haraka, na hapo fundi hana la kukusaidia.

Baada ya shingo, vitufe. Trebo ya gitaa la betri huwa na kituo katikati, unasikia kama kinakwama kidogo. Hapo ndipo sifuri. Ukikipeleka kulia unaongeza, na wengi wanacheza kikiwa kulia bila kujua. Halafu punguza pikapu ya nyuma, ile ya karibu na briji, pale nyuzi zinapoishia kwenye bodi. Pale uzi hautikisiki sana, sauti za juu ndizo zinazotawala. Na pikapu zote mbili zikifunguliwa mwisho, katikati panachimbika, unabaki na besi chini na trebo juu, sauti nzuri chumbani ila ndani ya kwaya inapotea. Mkono wako nao usogeze mbele kuelekea shingo.

Huyo bwana wa dole gumba kasema mpunguze trebo kwenye miksa. Ni kweli nusu. E tupu, yaani uzi wa nne bila kubana, ni kama 41 Hz (mitikisiko 41 kwa sekunde), G tupu ni 98 Hz. Kinachowaumiza watu masikio kiko huko juu kabisa, kwenye 2 mpaka 4 kHz, ndiko mikwaruzo iliko, na honi ya spika ndiyo inayoimwaga ukumbini, bati linairudisha. Kama miksa yenu ina midi ya kuhamisha, yaani kitufe cha sauti za kati unachokichagulia masafa, mwambie fundi aitafute hapo aiteremshe. Kitufe cha trebo cha miksa nyingi kinashika juu zaidi ya hapo, kwa hiyo atakizungusha mpaka kichoke na besi itabaki inakwaruza.

Haya, nyuzi sasa.

Ukiacha moyo wa chuma ndani, uzi wa besi ni waya uliozungushwa nje, na tofauti yote iko kwenye huo wa nje. Raundi amezungushiwa waya wa duara, ndiyo maana kidole kinahisi matuta. Flati amezungushiwa utepe bapa, ni laini kama kisu mgongoni. Hafu-raundi ni raundi iliyosagwa juu ikabaki nusu tuta. Kuna na za kuvikwa utepe wa nailoni, nyeusi, hizo ni laini kupindukia. Kwenye raundi, stenlesi ndiyo kali kuliko zote, inafuata chuma kilichopakwa nikeli, ambayo ndiyo raundi ya kawaida madukani, kisha nikeli tupu ndiyo imetulia. Ila msidanganywe na jina la madini peke yake: flati nyingi zimevikwa stenlesi hiyohiyo na bado ni laini, kwa sababu utepe umelala, hakuna matuta.

Nyinyi vijana mnadhani raundi ndiyo besi. Besi ya umeme ya Fender ilipotoka mwaka 1951, na miaka mingi baada ya hapo, flati ndizo zilikuwa nyuzi. James Jamerson, yule mpiga besi wa Motown kule Marekani, alipiga Fender Precision ya mwaka 1962 ikiwa na flati za La Bella, na alijulikana kwa kutozibadilisha. Raundi za stenlesi zilikuja kushika katikati ya miaka ya 1960 pale Uingereza, kampuni ya Rotosound ilipokaa na John Entwistle wa The Who kuzitengeneza, kwa sababu yeye alitaka besi isikike kama piano. Yaani wewe umefungiwa nyuzi za mtu aliyekuwa anatafuta kinyume cha unachotafuta.

Kwa kwaya yenye tenzi na sebene, mimi ningefunga nikeli tupu, unene wa 45 hadi 105 (hesabu ya elfu za inchi), na ningeziacha zizeeke. Usiziguse na kitambaa cha spiriti, usizibadilishe mpaka zikatae kutyuni. Fender wanazo, namba 7150. Flati ningekupa kama ungekuwa unapiga tenzi peke yake. Sebene inataka uzi unaojibu.

---

Besi_Nkuhungu

Shikamoo mzee. Asante sana, hili ni darasa kabisa.

Ufunguo ninao, ulikuja kwenye begi la gitaa. Nitapima leo usiku nikitoka kazini.

Swali moja: kwenye pakiti nyingine nimeona zimeandikwa zina utando wa kuzuia uchafu zidumu. Hizo je? Maana huku vumbi halina adabu.

---

Mzee_wa_Makole

Marahaba. Hizo zenye utando, Elixir na wenzake, kazi yake ni kulinda upya wa uzi usife. Wewe upya ndio unaokutesa. Ungekuwa unapiga kule pwani kwenye jasho na chumvi ningekwambia fikiria. Huku kutu si shida kubwa, shida ni vumbi na jasho kuingia kwenye matuta ya raundi, na matokeo yake ni uzi kupoa. Ndicho unachokitaka, tena bure.

---

Kibaigwa_Mjini

Kwa hiyo mzee vumbi la Dodoma limepata kazi hatimaye 😂

Lakini marehemu baba mdogo alikuwa anachemsha nyuzi za gitaa kwenye sufuria, alikuwa anatafuta nini?

---

Mzee_wa_Makole

Alikuwa anatafuta kurudisha ukali. Nyuzi zilikuwa hazipatikani, unazichemsha mafuta ya vidole yatoke, unazikausha upesi, unapiga. Zinaamka siku chache halafu zinalala tena, na kila ukizifungua na kuzifunga zinakaribia kukatika pale kwenye kigingi. Huyu bwana hana haja nayo.

---

Kondoa_Flati

Mzee wangu kwa heshima zote, kwenye flati hapo naomba nipingane nawe kidogo.

Mimi nina besi ya mepo kama ya huyu ndugu, pikapu mbili, nimefunga flati, na tunapiga mapambio vilevile. Nilichojifunza ni kwamba flati inataka gitaa kali. Gitaa lenye sauti nzito kwa asili ukilifunga flati linazama, hata wewe mwenyewe hujui umepiga noti gani. Gitaa kali linabakiza ule ukingo wa noti. Trebo unayoichukia leo ndiyo itakayokuokoa ukishafunga flati. Ukifunga nikeli tupu utapunguza ukali, sawa, lakini mkwaruzo anaousema dada wa soprano utabaki palepale, maana matuta bado yapo.

Kwenye sebene sijapata shida. Napiga kwa kidole gumba na cha shahada kama wapiga besi wa Kongo, nafungua pikapu ya nyuma kidogo, mambo yanakwenda. Tenzi zikirudi naifunga.

Nimetumia D'Addario Chromes, seti ya ECB81, 45 hadi 100. Ni ghali kuliko raundi, hilo sifichi. Ila flati hazizeeki haraka, hutafikiria nyuzi kwa muda mrefu sana.

---

SlapuTu

Flati kwenye slapu, yaani kugonga nyuzi kwa dole gumba, ni msiba. Nimemaliza.

---

Kondoa_Flati

Kasema anapiga slapu wapi mkuu? Kanisani Nkuhungu?

---

Mzee_wa_Makole

Kijana wa Kondoa umeongea. Kama ni Chromes, nakubali. Zikiwa mpya ndizo zenye mwanga zaidi kati ya flati ninazozijua, sebene itapita. Nilichokuwa nakiogopa ni huyu bwana kwenda kununua zile nzito za mtindo wa zamani, La Bella za 52 hadi 110, akazifunga kwenye shingo ambayo tayari ina mgogoro. Raundi ya kawaida ya 45 hadi 105 inavuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 80. Zile nzito zinavuta zaidi, na mifereji ya nati, kile kipande kinachoshika nyuzi pale juu ya shingo, inabidi ichongwe upya ili uzi wa nne ukae. Upande wa pili zipo Thomastik za Austria, flati zenye mvuto mdogo, kidole kinafurahi, ila mtu wa mkono mzito atazigongesha kwenye freti na kijiko kitarudi.

Na huyo binti wa soprano ana hoja kuliko sisi wote. Kama mkwaruzo ndio malalamiko, nikeli tupu haitaumaliza. Hafu-raundi itaupunguza. Flati itaufuta.

---

Besi_Nkuhungu

Wakuu nimerudi.

Mzee wa Makole, ulikuwa sahihi kuhusu shingo. Nilibana kama ulivyoelekeza, hakukuwa na mwanya hata wa karatasi. Nimelegeza robo, nikaliacha, nikapima, nikaongeza kidogo tena. Sasa kadi inapita kwa kugusa. Kijiko kimekwisha! Na trebo ilikuwa imepelekwa kulia karibu yote, nimeirudisha kwenye kituo.

Jana mazoezini fundi mitambo kateremsha hiyo midi, kwenye 3 kHz hivi. Mwalimu wa kwaya hakusema kitu, na kwa mwalimu wetu kutosema kitu ni sifa. Lakini kwenye tenzi mkwaruzo bado upo, nimeusikia mwenyewe baada ya Soprano_wa_Pili kuutaja, na sasa siwezi kuacha kuusikia.

Kwa hiyo nimeamua flati, Chromes hizo za 45 hadi 100. Kuna mtu wa kunichukulia Kariakoo? Ofisini wanashuka na SGR mara kwa mara ila sitaki kumtuma asiyejua tofauti, ataniletea za solo.

---

Mzee_wa_Makole

Vizuri. Zikifika usikimbilie mkasi. Nyuzi za zamani toa moja baada ya nyingine, usizifungue zote kwa mpigo shingo ikabaki haina mvuto.

Pitisha uzi mpya kwenye briji, uvute mpaka kwenye kigingi chake, acha kama sentimita 10 kupita kigingi, zinatosha mizunguko miwili mitatu. Kabla hujakata, ukunje kwa koleo pembe mraba kabisa mahali utakapokata, kisha kata mbele ya mkunjo. Flati ukiikata bila kuikunja utepe wa nje unaweza kuteleza juu ya moyo, uzi unakufa siku hiyohiyo na pesa yako imekwenda. Ule mwisho wenye hariri ya rangi ndio unaotakiwa kuzunguka kigingi, sehemu ya chuma isizungushwe.

Ukishafunga, pima shingo tena kwa kadi. Halafu oktava: noti ya freti ya 12 na harmoniki ya hapohapo (uzi unaguswa tu bila kubanwa) zilingane kwenye tyuna. Kama noti ya freti iko juu, rudisha nyuma tandiko la uzi huo, kile kichuma unachokalia kwenye briji.

---

Soprano_wa_Pili

Kaka wa Nkuhungu, zikifungwa utuambie kama fwiii imekwisha kweli. Nimeshamwonyesha mpiga besi wetu huu mjadala, kanuna.

---

Kondoa_Flati

Mkuu mimi nashuka Dar wiki ijayo kwa basi, kuna duka napafahamu. Njoo PM tuelewane. Nitaangalia pakiti iwe imeandikwa inchi 34, maana zipo za gitaa fupi la inchi 30 na namba zinafanana fanana.

---

Besi_Nkuhungu

Nimekuja PM mkuu. Seti ya nyuzi nne, wasikupe ya tano. Wakikosa Chromes nichukulie hafu-raundi, ENR71, ila unipigie kwanza kabla hujalipa.